Spika Mbovu za Wifi Yangu

"Samahani, mama," jirani aliniuliza siku moja tukianika nguo, "hivi wifi yako anaokota spika mbovu za nini? Mbona nyumba nzima ina redio moja tu?"

Nilicheka hadi kibanio kikanidondoka. Siku ile nilimjibu juujuu, maana nguo zilikuwa nyingi. Leo nimekaa, nieleze vizuri.

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, ni fundi wa kupaka madini katika chumba cha nyuma cha karakana ya baiskeli. Ana pipa la plastiki lenye maji ya kijani, ambamo nikeli na chuma vimeyeyushwa pamoja. Anatundika usukani wa baiskeli humo ndani, anawasha umeme, na yale madini mawili yanatoka kwenye maji na kuushika usukani, yanakuwa ngozi moja inayong'aa, nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Mimi nikitazama namshukuru Mungu aliyeyaficha mambo haya ndani ya maji.

Ila kuna kipindi ngozi ile ilikuwa inatoka na vishimo, kama uso uliopitiwa na ndui. Umeme ukipita, vipovu vidogo vinang'ang'ania usukani, na kila kipovu kinapokaa panabaki shimo. Mwenye karakana, tunayemwita Mzee Spoki, akachoka.

"Dada, wateja wananirudishia mzigo," alimwambia. "Jumamosi nikiona vishimo tena, hilo pipa linatoka. Hapa nitaweka matairi."

Wifi alirudi nyumbani amenywea. Kazi ile alianza nayo kabla hata hajaolewa, na hajui nyingine anayoipenda hivyo. Tukapiga magoti pamoja. "Ee Mungu, usiniondolee pipa langu," akaomba. Nikaitikia amina, ingawa sijawahi kusikia mtu akiombea pipa.

Kesho yake usukani ulikuwa unayumba kwenye ndoano, unagongagonga pembeni. Kwa kuudhika, akachukua sumaku ya spika iliyokufa, akaifunga nje ya pipa kwa kipande cha tyubu, ili iuvute usukani utulie. Basi.

Alipoutoa, upande wa sumaku ulikuwa laini kama kioo. Upande wa pili, ndui ileile, na rangi nayo imepishana, huku kweupe, kule kumefifia.

Akaurudisha usukani, akainama kuchungulia. Karibu na sumaku vipovu havikukaa, vilikuwa vinasombwa pembeni kama abiria waliochelewa safari. Akazima umeme, maji yakatulia. Akawasha, yakaanza kuzunguka bila mtu kuyakoroga. Akageuza sumaku, vipovu vikageuza njia. Ndipo akaelewa kwamba sumaku na umeme vikikutana vinayasukuma maji, na maji yakienda yanafagia vipovu. Tena yanauletea usukani chuma kingi zaidi kuliko mwanzo, ndiyo maana rangi ilibadilika.

Sasa akataka sumaku za kuzunguka pipa lote, rangi isipishane. Akaja nyumbani mbio, akiulizia spika za kung'oa sumaku. Kaka yangu kumwona tu, akakumbatia redio yake.

"Mke wangu, hii inaongea!"

"Nilikuwa naiangalia tu."

"Unaiangalia kama fisi anavyoangalia mbuzi."

Tukacheka, kisha tukatoka wote watatu kugonga milango ya watu tukiomba spika zilizokufa. Ndipo jirani alipoanza kushangaa.

Jumamosi, sumaku zikiwa zimezunguka pipa lote, tukaenda sote karakana. Mzee Spoki akavaa miwani, akaushika usukani, akapitisha kidole gumba toka mwanzo hadi mwisho. Wifi alikuwa amenikamata mkono, kucha zikaniingia. Mzee akausogeza usukani karibu na uso.

"Mbona najiona?"

"Unajiona, mzee, na ndevu hujanyoa."

Karakana nzima ikaangua kicheko, yeye mwenyewe akacheka hadi miwani ikateleza. Pipa likabaki pale pale. Matairi yakapangwa nje, chini ya bati, mpaka leo.

"Haya, Mama Nikeli," Mzee Spoki akasema akijifuta machozi, "umenikomesha. Sema mbele ya watu wote, unataka zawadi gani?"

Wifi akatutazama, akamtazama na kaka yangu aliyesimama mlangoni.

"Naomba spika zenu zikifa msizitupe, nileteeni mimi. Na mwambieni mume wangu aache kulala na redio, sitaichukua."