Kiberenge cha Magese

Mdogo wangu Magese alifanya kazi kwenye reli, kule Malampaka, tangu ujana mpaka alipostaafu na kuja kukaa kwangu hapa Somanda, Bariadi. Ukoo mzima tulimjua kama dereva wa kiberenge, kile kigari chepesi kinachokimbia juu ya reli kikibeba mafundi. Siku alipokuja nyumbani kwetu Ngulyati kutuambia amepata kazi ya kiberenge, baba alichinja dume la ng'ombe. Majirani wakala, na tangu hapo baba akaitwa Baba Dereva mpaka tukamzika. Nami kisimani nilikuwa dada wa dereva, na nilihakikisha wenzangu wanajua.

Bariadi hakuna reli. Ndiyo maana Mwalimu Anyesi wa shule yetu ya hapa alimwomba Magese atengeneze kiberenge kidogo, wanafunzi wake wakione. Alikubali kabla hajamaliza kuombwa. Msimu mzima wa mvua alikaa barazani na tupa yake. Magurudumu aliyatoa kwenye vifuniko vya dawa ya viatu, bodi kwenye bati la kopo la mafuta. Alinionesha benchi la nyuma, sanduku la zana, hata kulabu ya kutundikia dumu la maji. Ubao wa kukanyagia aliukwaruza kwa msumari, akasema ndivyo viatu vilivyoula.

Siku ya wazazi nilivaa kitenge changu cha Pasaka, nikakaa mstari wa mbele na jirani yangu Generoza. Mwalimu akamtambulisha dereva mstaafu. Mtoto mmoja akauliza usukani uko wapi. Magese akaeleza kwamba reli ndiyo inayoelekeza, dereva hana kona ya kukata. Watu wakacheka, nami nikajiona mrefu.

"Basi Babu, waoneshe breki mnavyoishika," Mwalimu akasema.

Magese akapeleka kidole mbele ya kiberenge. Pale palikuwa na kiti na bati tupu. Akasema breki ni kitu chembamba, aliogopa ingevunjika. Sauti yake haikuwa ile ya barazani.

Ndipo akasogea babu wa mwanafunzi mmoja, mzee Deogratias, naye mstaafu wa reli ya Malampaka. Hakujua Magese ametusimulia nini. Akamkumbatia kwa furaha, akakiinamia kiberenge.

"Hata kulabu ya dumu letu umeikumbuka," akasema. Kisha akawageukia watoto. "Breki nilikuwa naishika mimi. Mwenzangu huyu alikaa hapa nyuma, nyundo mapajani, miaka yote."

Watoto walipiga makofi. Kwao ilikuwa sawa tu. Magese alivua kofia akaitazama ndani, kama kuna kitu kimedondokea humo. Generoza hakunitazama. Alisema "Kumbe" taratibu, akarekebisha kilemba chake.

Wakati wa kurudi Magese alikataa bodaboda. Alitembea mbele, kiberenge kwapani, mimi nikitazama visigino vyake. Maneno ya kumchoma nilikuwa nimeyapanga tangu shuleni. Karibu na nyumbani akasema bila kugeuka, "Dada, siku ile nilitaka kumsahihisha Baba. Nikatoka nje, nikakuta dume limeshaangushwa."

Sikuyatoa yale maneno.

Kiberenge kiko juu ya kabati sebuleni. Nilimwambia Magese kwamba fundi wa bati anaweza kukipachikia breki, hakutaka. Wageni wakiuliza kama yeye ndiye aliyekiendesha, hunitazama mimi nijibu. Ninasema alikaa nyuma. Ninasema haraka, uso ukiniwaka, halafu nawauliza kama watakunywa uji.