Ng'ombe wa Majaribio

Jana asubuhi nilijiaibisha mbele ya kijiji kizima cha Kerende, na afadhali mlisikie jambo hilo kwangu mimi mwenyewe.

Kikundi chetu cha wachimbaji dhahabu kilinipa kazi ya kufunga programu ya kufuatilia kazi za mashimoni kwenye seva mpya ya ofisini. Sikuwahi kugusa seva, ila nilijibu naweza. Nilifuata maelekezo ya wanaoanza, nikaingiza namba za simu za wanachama wote, kisha nikatakiwa kuandika kazi moja ya majaribio. Nikatafuta mfano ambao Mkurya yeyote angeuelewa: "Ng'ombe wa mwenyekiti wameibiwa. Wafuatwe." Nikaweka alama ya dharura, nikahifadhi, nikaenda kunywa chai.

Chai haijapoa, yowe likapigwa mashimoni. Huku kwetu yowe likilia huulizi, unakimbia. Wanaume walipanda juu na matope yao, wakabeba mapanga na pinde. Nami nikanyakua mpini wa jembe, nikawatangulia wote nikipaza sauti, "Wasivuke mpaka!"

Tukafika kwa mwenyekiti wa kikundi, Mzee Marwa. Ng'ombe wake walikuwa zizini, wametulia, wanacheua.

"Shikamoo mzee," nikasema nikihema. "Wezi wamepita wapi?"

Mzee alitoa simu, akausoma kwa sauti, polepole, ujumbe ambao programu ilikuwa imewatumia wanachama wote, mpaka mstari wa mwisho: "Kazi hii imeandikwa na Mwita."

Akanyoosha mkono kuelekea njiani. "Haya, Mwita. Tuongoze."

Mpini nilikuwa bado nimeuinua juu.