Mlingoti Uliosubiri Umeme Ukatike

Juma lililopita nilirudi katika lupango wetu wa zamani, katika mtaa uitwao Kenya, mjini Lubumbashi. Ndugu wamekubaliana uuzwe, na kabla ya kuuzwa ilibidi mtu aje aseme ile mashua ya babu itafanywa nini. Bila shaka wewe pia una mahali ambapo mwili hukumbuka kabla ya akili. Nilipofika kwenye kona, kati ya nyumba kubwa na vyumba vya kupangisha, nilijikuta nimepunguza mwendo na kutazama juu, kutafuta waya wa umeme.

Lupango, kwa sisi watu wa Lubumbashi, ni ile ardhi yote ya familia iliyozungushiwa ukuta: nyumba, kisima, jiko la nje, kamba za nguo, na kila neno linalosemwa humo. Wetu ulibanwa pande zote. Nyuma tuligusana na nyumba ya watu wengine. Ubavuni kulikuwa na ghala la jirani mmoja kutoka Kivu ya Kaskazini, mwenye lori la kubebea samaki. Njia ya kutokea ilikuwa moja tu, ile ya mbele.

Babu yangu alikuwa seremala, mtoto wa watu waliotoka pwani ya mashariki wakapitia Maniema. Mchana alitengeneza vitanda na makabati. Jioni alijenga mashua ndogo nyuma ya nyumba, mahali ambapo hapakuwa na maji hata ya kuogeshea bata. Watu wa mtaa walimcheka, naye aliwaacha wacheke. Kambo, ndivyo tunavyomwita bibi, alizaliwa kando ya Ziwa Mweru, na babu alikuwa amemwahidi kumrudisha kwao kwa tanga: lori hadi Kasenga, kisha mto Luapula, kisha ziwa. Mashua ilikamilika, ikapakwa rangi ya kijani. Babu akafariki kabla haijaonja maji.

Kambo akaingia eda. Kwa miezi minne na siku kumi hakuvuka lango, hakuvaa rangi wala kujipaka manukato, na wanaume wasio wa damu yake hakuonana nao. Hakulalamika hata siku moja. Ilikuwa heshima yake ya mwisho kwa mumewe, na aliishika kwa moyo wake wote. Lakini mimi, mjukuu niliyelala naye chumba kimoja, nilijua kwamba baada ya swala ya alfajiri alikuwa akienda kukaa kando ya mashua, mkono juu ya ubao, akiuliza hewa ile ile swali lile lile: je, tutatoka?

Mashua isiyotumika ina madai yake. Babu alikuwa ametuonya kwamba mlingoti ukilazwa muda mrefu juani utapinda, na tanga lisilopigwa na upepo litaota ukungu. Kwa hiyo ilibidi mlingoti usimamishwe mara kwa mara, kisha ulazwe tena. Tatizo lilikuwa waya wa umeme uliokatiza juu ya lupango, umelegea kama kamba ya nguo. Mlingoti haungeweza kuinuka bila kupita karibu nao. Hivyo, katika mji ambao kila mtu alilaani kukatika kwa umeme, sisi tulikungoja kwa hamu.

Ishara ilikuwa mashine ya kusaga mahindi ya ng'ambo ya barabara. Iliponyamaza katikati ya mlio wake, Kambo aliacha sombe, majani ya muhogo, kwenye kinu na kuita, "Kura imeenda. Mukuye mbio," yaani umeme umekatika, njooni mbio. Mama, binti yake, alikwenda nyuma ya mashua, akaukweza mlingoti begani na kusonga mbele hatua kwa hatua, mikono ikipanda. Kambo alisimama mbele akivuta kamba iliyofungwa kileleni, polepole, bila kuishtua. Mimi nilichuchumaa katikati, penye miti miwili iliyobana kitako cha mlingoti, na kazi yangu ilikuwa kusukuma pini ya chuma kwenye tundu wakati mti uliposimama wima. Nilipenda mlio wa pini ile ikiingia. Tanga lilifunguliwa, likanuka pamba na vumbi, likajaa upepo uliokuwa umeruka kuta zetu. Kwa kitambo kidogo mashua ilitetemeka kana kwamba inakwenda.

Jirani wa lori alikuwa akiuona mlingoti ukichomoza juu ya ukuta. Yeye ndiye aliyeahidi kutupeleka Kasenga siku eda itakapokwisha, na alitusalimu kutoka upande wake bila kuonekana.

"Mama, leo hiyo muti yenu inainama kidogo upande ya Zambia. Mutatoka bila pasipoti?"

Kambo alinigeukia mimi, lakini kwa sauti ya kufika ghalani. "Umwambie ile muti iko sawa. Lori yake ndiyo ilizoea kuinama."

"Mutoto, umwambie Kambo nimesikia," alijibu jirani, akicheka.

Kisha mashine ya mahindi ilinguruma tena, nasi tukaulaza mlingoti haraka, kwa utaratibu ule ule uliogeuzwa: pini, kamba, bega. Ukuta ukarudi kuwa ukuta.

Katika miezi hiyo mjomba, mwana wa pekee wa kiume wa Kambo, alianza kujenga vyumba viwili vya kupangisha upande wa mbele. Sikuwahi kumlaumu na simlaumu leo: babu alikuwa ameondoka na vitanda vyake, na nyumba ilipaswa kula. Kambo hakuweza kwenda kutazama, maana mafundi walikuwa wanaume wageni. Alisikia tu matofali yakigongana.

"Na bwato itapita?" alimwuliza mjomba, akionyesha mashua.

"Mama, itapita. Unipe kipimo, nitakiheshimu."

Kambo akachukua kamba, akapima mashua mahali ilipokuwa pana zaidi, akafunga fundo na kunituma. Nilikwenda na kamba ile wakati wa msingi, nikaenda tena kuta zilipopanda. Kila mara njia ilizidi fundo. Mjomba alikuwa ametimiza neno lake kikamilifu. Nilimrudishia Kambo habari njema, naye alinipa kipande cha samaki wa chumvi aliyetoka Kasenga.

Eda ikaisha. Kambo alioga, akavaa kitenge cha njano, na kwa mara ya kwanza akaenda mbele ya nyumba. Lori lilikuwa langoni. Wanaume waliisukuma mashua juu ya magogo, ikapita vizuri ubavuni mwa nyumba, ikafika kwenye kona. Hapo ikasimama. Upana ulitosha kila mahali, lakini hakuna aliyewahi kupima urefu unaogeuka. Kamba yetu ilikuwa imepinda kwenye kona bila kinyongo. Mbao hazikuweza.

Waliisogeza nyuma, wakaijaribu kwa ubavu, wakaijaribu kwa kuiinua. Mjomba aliingia ndani akatoka na nyundo kubwa. Uso wake ulikuwa umelowa.

"Mama, nabomoa."

Kutoka chumba kilichokwisha kupangishwa tulisikia kichanga kikilia, na mama yake akikibembeleza. Kambo alisikiliza.

"Weka hiyo nyundo," alisema. "Muzazi iko ndani na mutoto. Mimi nimetoka kufungiwa leo. Siwezi kuvunjia mwingine kwake." Akaugusa mlingoti uliolala juu ya mashua. "Huu utapita."

Ulipita kwa njia moja tu: kusimamishwa wima penye kona, kugeuzwa, kisha kulazwa tena. Na juu palikuwa na waya. Basi tukakaa, sisi na jirani na wasukumaji na mzazi aliyetoka na kichanga chake, tukingoja umeme ukatike. Mashine ya mahindi ilinguruma mpaka chai ikapoa. Iliponyamaza, Mama alitoa bega, Kambo akashika kamba, mjomba akakumbatia kitako. Mlingoti uliinuka kati ya kuta, ukageuka, ukalala kuelekea barabarani. Kambo alipanda mbele ya lori, karibu na dereva. Alipita Kasomeno, akafika Kasenga, na mlingoti ule ukasimamishwa kwenye chombo cha nduguye. Alilifikia ziwa. Hakurudi kuishi nasi tena, na huko ndiko alikozikwa.

Nimesoma sheria Kasapa, chuo kikuu cha mji wetu, nimejifunza kutafuta mkosaji katika kila kisa. Katika kisa hiki sijampata. Nimepata tu watu wema waliopima kwa uaminifu, na mashua iliyobaki ndani.

Bado ipo, nyuma ya nyumba ilikorudishwa siku ile. Rangi ya kijani imebaki chini ya vidole vya ukungu. Kuku hutaga ndani yake. Mnunuzi atataka kuni. Nilikuwa nimesimama kando yake, nikitafuta la kuwaambia ndugu, mashine ya mahindi iliponyamaza ghafla ng'ambo ya barabara. Hakuna aliyeita. Nikachuchumaa katikati, penye ile miti miwili, nikaingiza kidole kwenye tundu la pini, nikakiacha humo mpaka umeme uliporudi.