Iyoo ya Imelda

Kwa miaka kumi na miwili Ferista alikuwa matroni wa kambi ya watoto ya kanisa pale Hasamba, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kupoteza hata kandambili ya mtoto wa mtu. Nalisema hili mapema kwa sababu siku hizi kuna watu Mlowo wanamzungumzia kana kwamba alizaliwa mzembe. Waniondokee! Nusu yao watoto wao walipita mikononi mwake, wakarudi nyumbani wamenenepa mashavu.

Kambi ilikuwa wiki mbili za likizo ya Juni, kwenye madarasa ya shule ya msingi. Walikuja watoto sitini hivi, wengine wa hapo jirani, wengine wa Ruanda hii yetu ya Mbozi, wengine mpaka Tunduma. Waliimba, walisoma Biblia, walicheza rede, walikula makande. Na Juni ya Mbozi unaijua, baridi mpaka vidole havishiki kijiko. Ferista alikuwa anaamka kabla ya kengele, anapita kwenye magodoro, anapapasa moja moja. Akikuta lililolowa, analitoa nje kimyakimya, blanketi analifua, mtoto anavalishwa nguo kavu, wenzake wakiwa bado wanakoroma. Katika kambi yake hakuna mtoto aliyewahi kuchekwa kikojozi. Mimi kwa hilo peke yake ningempa nishani, lakini nani ananiuliza.

Mwaka jana akaja Imelda, mtoto wa miaka saba. Mama yake ni Elina, yule anayeuza vitenge Tunduma. Mtoto mwenyewe mdogo, mkimya, na blanketi lake la zambarau lilikuwa linalowa kila alfajiri. Siku tatu za kwanza alijificha nyuma ya mlango kwa aibu. Siku ya nne akaona kwamba Ferista hamwambii mtu mambo hayo, basi akamganda. Kila aendako Ferista, Imelda yuko nyuma ameshika pindo la kitenge chake, "Mama Kambi, Mama Kambi." Kiswahili alikijua vizuri, ila akiingiwa na hofu kilikuwa kinamkimbia, anadondokea kwenye Kibemba cha bibi yake aliyemlea, ambaye ni mzaliwa wa upande wa Zambia. Na Ferista, Mnyiha wa milimani, Kibemba hakujua hata salamu. Alikuwa anacheka tu. "Rudia, mwanangu, masikio yangu haya ya shambani."

Sasa, siku ya kufunga kambi kulikuwa na sheria, na sheria hiyo aliitunga Ferista mwenyewe. Kwanza daftari, ambalo mzazi ameandika jina la mtu atakayekuja kumchukua mtoto. Pili, mtoto mwenyewe anaulizwa. "Karatasi unaweza kuidanganya," alikuwa akiwaambia wenzake, "mtoto hadanganyi." Aliiamini sheria yake hiyo kuliko daftari.

Siku yenyewe ilipofika, daftari halikuwepo. Osea, kiongozi wa kambi, alikuwa ameondoka nalo mkobani kwenda Mlowo kulifuatilia basi la watoto wa Tunduma, maana lilichelewa na simu ya dereva ilikuwa haipatikani. Saa nane mchana ikaingia gari ndogo nyeupe. Akashuka mwanaume nadhifu, mkononi ana mkate na soda mbili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Akajitambulisha: Rabson, baba yake Imelda. Elina amebanwa na wateja dukani, amemtuma yeye. Akataja jina la mtoto lote, akataja shule yake, akataja hata jina la bibi. Ferista akamwambia asubiri daftari. Akasubiri, wala hakununa. Nusu saa, saa nzima. Baadaye akasema kwa upole kwamba safari ni ndefu na barabara ina malori mengi. Ferista akageuka akaona makande yanaungua, watoto wawili wanavutana nywele, wazazi watatu wanapiga honi za pikipiki getini. Akasema moyoni, basi, mtoto ataniambia.

Akapiga magoti mbele ya Imelda, akamshika mabega. "Mwanangu, gari unayopanda kwenda nyumbani ndiyo hii?"

Imelda akaitazama gari. Akamtazama Ferista.

"Iyoo," akasema.

Na huku kwetu nani anahangaika na hiyo h? Hiyo tunaita iyo tangu tunanyonya. Ferista akasikia hiyo, gari ni hiyo, akambusu mtoto kichwani, akamfungulia mlango wa gari kwa mkono wake mwenyewe. Imelda akaingia. Hakulia, na hilo Ferista analikumbuka kuliko yote, kwamba mtoto hakulia. Alishasema lake, kwa mtu anayemwamini, akadhani amesikilizwa.

Gari iliondoka. Haikupita saa moja, basi la Osea likaingia, na ndani yake yumo Elina. Alikuwa amepanda nalo ili amfuate mwanawe mwenyewe, kwa hamu.

"Imelda wangu yuko wapi?"

"Si amekuja baba yake, mwanangu? Ulimtuma."

Elina alikaa chini pale pale kwenye vumbi, na pochi yake mkononi. Rabson alimwacha mtoto akiwa na miaka miwili, na tangu hapo kazi yake ilikuwa kutuma maneno kwamba siku moja atamchukua damu yake ampeleke kwao Zambia. Kwenye daftari lilikuwa jina moja tu, Elina.

"Lakini mama, hukumuuliza mtoto?"

"Nilimuuliza! Haki ya Mungu nilimuuliza. Kasema hiyo."

"Kasemaje? Sema vile vile alivyosema."

"Iyoo. Kasema iyoo."

Loh! Ile sauti aliyoitoa Elina, waliokuwepo hawaisahau. "Mama! Iyoo ni hapana! Kwa Kibemba iyoo ni hapana! Mwanangu kakwambia hapana!"

Ferista alisimama kama aliyemwagiwa maji. Nyuma yake, kwenye kamba, blanketi la zambarau la asubuhi ile lilikuwa bado linadondosha maji.

Walipofika Tunduma gari ilishavuka. Na pale mpakani si unapajua, mtu ana shangazi huku na choo kule. Barua ziliandikwa, zikajibiwa, na kila jibu lilisema kwa lugha nzuri kwamba mtoto yuko kwa baba yake mzazi na Elina awe na subira. Muda si mrefu ikasikika kwamba Rabson amehama Nakonde, pale ng'ambo ya mpaka, ameingia ndani huko, Kitwe labda, labda kwingine.

Wiki za kwanza Elina alimtukana Ferista mbele za watu, na Ferista alisimama akayapokea yote. Kisha akaanza kwenda. Kila Alhamisi anapanda gari Mlowo, anashuka Tunduma, anavuka kwa miguu, blanketi limefuliwa na kukunjwa ndani ya mfuko. Mwanamke wa miaka hamsini na minne akaanza kujifunza Kibemba sokoni Nakonde. "Ndefwaya umwana," namtafuta mtoto, anamwambia kila muuza dagaa, kila mwendesha pikipiki. Wanamtazama kwa huruma. "Awe, mayo." Hapana, mama. Kibemba alichokipata mwaka mzima, zaidi ya lile ombi lake, kilikuwa cha kukataliwa tu.

Juni mwaka huu hakuitwa kambini. Osea alikuja mwenyewe kumwambia, kofia mkononi, kwamba kazi amepewa Jenista, binti wa kwaya. Ferista akamwambia vizuri. Akamwomba jambo moja tu, Jenista aambiwe aamke mapema ayapapase magodoro. Osea akaitikia, lakini nilisikia baadaye kwamba mtoto mmoja alichekwa mpaka akaomba kurudishwa kwao.

Mwezi wa nane Elina akapiga simu. Binamu yake mfanyabiashara amemwona Rabson sokoni Kitwe, ameongea na mke mpya kwa siri, na mke amekubali kumpa mtoto simu Jumamosi, dakika chache, mume akiwa kazini. "Njoo, mama," akasema Elina. "Wewe alikupenda."

Wakakaa dukani katikati ya marobota ya vitenge, mlango wameurudishia, simu juu ya meza, spika imewashwa. Ikaita. Mwanamke akapokea, akanong'ona, halafu wakasikia pumzi ya mtoto.

"Imelda. Ni mama, mwanangu."

Elina alikuwa amejipangia maneno wiki nzima, yote yakamruka.

"Blanketi lako lipo," akasema, machozi yanamwingia mdomoni. "Mama Kambi analifua. Unamkumbuka Mama Kambi? Mwanangu, nyumbani kwako si ni hii nyumba yetu? Nyumba yako si hii?"

"Iyoo," akasema mtoto.

Alilisema bila hofu, bila hasira, kama mtoto anayeulizwa aongezewe uji naye ameshiba. Kisha simu ikakatika. Wakapiga tena mara nne, haipatikani.

Elina alizaliwa akisikia Kibemba. Mama yake alimlea kwa Kibemba, vitenge anauza kwa Kibemba, ana kwa ana na Wazambia kutwa nzima. Aligeuka akamshika Ferista mkono, akaubana mpaka ukauma.

"Mama, umemsikia? Kasema hiyo. Si ndiyo? Kasema nyumba ni hiyo."

Ferista alilitazama blanketi mapajani mwake. Sasa hivi neno lile analijua, analijua kuliko jina lake.

"Nimesikia, mwanangu," akasema. "Kasema hiyo."