Droni Ilimwona Shoga Yangu Uani, Mie Nikamtaja Jina

Nimekosa, na sina haja ya kuzunguka. Mwenzenu nimemvunjia nyumba shoga yangu kwa neno moja tu, na neno lenyewe ni jina lake. Mnisamehe nikiandika kwa ukali. Nna hasira na nafsi yangu, na nna hasira na watu ambao mpaka leo wanakula wakashiba na kulala usingizi mnono.

Kazi yangu ilikuwa kukaa mbele ya skrini. Kitengo sikitaji. Ile droni haikuwa hizi ndogo za kupigia picha harusi na mahoteli ya Kendwa. Ile ni ya kijeshi. Inakaa juu huko, huioni wala huisikii, na ikitaka inakuhesabia vifungo vya shati. Tuliambiwa imeletwa kulinda bahari, ikamate magendo na wanaoingia kwa njia za panya. Nilifurahi! Nilimwambia mama, mwanao sasa analinda nchi.

Bahari tuliitazama mwanzo mwanzo tu. Baadaye mkubwa wetu akasema mtambo usikae bure, upite na mjini uangalie mikusanyiko. Mikusanyiko gani, jamani? Tulikuta watu wanacheza bao, wanaanika nguo, wanachambua mchele. Na nyua. Lo, nyua za watu!

Nyote mnajua ua wa nyumba ya Ng'ambo ni nini. Ndipo mwanamke anapovua buibui, akajifunga khanga kifuani, akaosha nywele, akapaka liwa usoni. Hata ndugu yake wa kiume akija hupiga hodi kwanza. Sisi tuliingia bila ya hodi, kila siku, na mshahara tunalipwa!

Wanaume wa chumba kile walikuwa wakiivuta picha karibu na kucheka. Mwanamke nilikuwa peke yangu. Nilinyamaza. La, nisijipambe: siku nyingine nilicheka nao, nisije nikaonekana mshamba.

Basi alasiri moja kamera ikatua juu ya ua mmoja. Mwanamke kakaa mkekani, nywele kaziachia, na mwanamume yuko nyuma yake anamchana. Mwanamume kavaa kofia, uso hauonekani. Mara akainama, akambusu begani. Chumba kizima kikapiga kelele.

"Mchana kweupe!" akasema Seif, mwenzangu aliyekuwa anaongoza kamera. "Nani huyu?"

Hakuna aliyenikaba koo. Mie mwenyewe, kwa kiherehere changu, nikajibu: "Aka! Si Nasra huyo? Hapo ni kwao. Na juzi tu kaachwa!"

Nasra tumekua naye mlango kwa mlango, tumesoma chuo kimoja cha Kurani, na siku ya harusi yangu yeye ndiye aliyenipaka hina. Mumewe, Haji, mpishi wa hoteli, alimpa talaka moja kwa ugomvi uliochochewa na mamake Haji. Nasra akarudi nyumba ya marehemu mama yake kukaa eda, na kwa talaka moja mume ana haki ya kumrejea mkewe kabla eda haijesha. Hayo yote nilikuwa nayajua, na bado nikafungua mdomo!

Kabla ya hapo ilikuwa picha ya mwanamke tu, hana jina wala mtaa. Mie ndiye niliyempa.

Mkubwa akacheka. "Njiani ushungi mpaka kiunoni, kumbe uani mambo!" Seif akatoa simu, akairikodi ile skrini. Nilimwona. Nikasema, "Usifanye hivyo, bwana," kwa sauti ya mtu anayeomba asisikiwe. Na kweli hakunisikia.

Haikupita wiki, video ikanirudia kwenye simu yangu mwenyewe. Aliyenitumia ni shangazi yangu! Chini yake wameandika: Nasra na bwana wake, eda haijesha.

Nikaenda kwake, eti kumpa pole. Unafiki ulioje! Nilimkuta ndani, madirisha kayafunga, macho yamevimba.

"Shoga, wanasema nazini ndani ya eda," akaniambia. "Yule ni Haji! Mume wangu! Kanirejea kwa kauli yake mwenyewe, hapa hapa tulipo."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya Mungu. Alikuwa akija kwa siri, anasubiri mama yake apoe ndipo atangaze."

"Si aseme sasa?"

Nasra akacheka kicheko kibaya. "Mama yake kamweka mbele ya ukoo mzima, akamuuliza, wewe ndiye huyo? Kasema, sie mie."

Sie mie! Mwanamume mzima, ndevu zimemjaa! Aliyemchana mkewe kwa mkono wake, akamwacha aitwe mzinifu kwa kuwa anaogopa kununiwa na mama! Haji, kama unasoma hapa, Mungu ndiye hakimu wako.

Lakini sikilizeni sasa, maana hapa ndipo damu inaponichemka. Mie nilikuwa na ukweli. Video ya Seif ilikatwa pale kwenye busu. Rikodi ya mtambo, nilipoirudia kazini, iliendelea: yule mwanamume alitoka nje ya ua, akavua kofia, akainua uso kutazama mawingu. Haji huyo, mchana, hata kovu la nyusi linaonekana!

Nikamwendea mkubwa. Nikamwambia shoga yangu anasingiziwa, atoe kile kipande, hata aonyeshwe kadhi peke yake.

"Hiyo ni siri ya serikali," akanijibu, hata macho hakuinua.

"Mbona ile nyingine imeenea kisiwa kizima?"

"Nani kaieneza? Una ushahidi?" Halafu akapunguza sauti. "Na jina, bibi, nani alilitaja? Ukitaka tuulizane, tutaulizana."

Mnaona? Ya kumfedhehesha mwanamke ni mzaha wa kazini. Ya kumsafisha ni siri ya serikali! Mtambo ulionunuliwa kwa ajili ya adui, adui wake akawa mwanamke aliyefungua nywele nyumbani kwake.

Nikarudi kwenye kiti changu. Ndiyo, nilirudi! Ningeweza kwenda kwa kadhi kwa miguu yangu, nikala kiapo kwamba nilimwona Haji kwa macho haya. Nikajiambia nitafungwa, watoto wangu watalelewa na nani. Nikajiambia Haji atajirudi. Nikawa naamka, naenda kazini, natazama nyua za watu, na eda ya Nasra inakwisha huku kila mtu anahesabu kwamba hakurejewa.

Haji kaoa. Mama yake alimchagulia.

Nilipopata habari ya harusi ndipo nilipoacha kazi. Nikenda kwa Nasra, nikamweleza yote, tangu jina mpaka rikodi. Ua wake sasa umezibwa turubai, jua haliingii, mchana taa inawaka. Nililia. Yeye hakulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Wale wanaume siwajui, na wao hawanijui. Wewe ulikuwa unanijua."

Akanifungulia mlango nitoke. Toka siku ile salamu yangu haijibu, na simlaumu.

Kuna watu nikiwasimulia wananiambia, asiye na la kuficha anaogopa nini? Hasha! Nasra hakuwa na la kuficha. Alikuwa na mumewe wa halali. Alikuwa na sitara tu, na sitara ni haki ya kila aliyejifungia mlango wake. Msikubali kuambiwa ni usalama. Ulizeni nani anatazama, anatazama nini, na akikuaibisha utamshitaki wapi. Mie nimekaa mule ndani, na nnakwambieni, hakuna aliyetuuliza hata siku moja.

Na nyie mliokaa kwenye vyumba kama kile, mnaona na mnanyamaza kwa kuogopa mkate wenu: semeni sasa, wakati neno lenu bado linamfaa mtu. La kwangu nimelitoa, na Nasra hana tena la kulifanyia.