Sahani ya Mgeni

Harufu ya pilau iliyofungwa kwa taulo ndani ya gari dogo haijanitoka puani. Ilichanganyika na moshi wa mashamba ya miwa yaliyokuwa yakichomwa kando ya barabara, tukielekea kusini kutoka Durban, bahari ikionekana na kupotea upande wetu wa kushoto. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Baba, mpakiaji wa mizigo katika ghala moja la Clairwood, aliazima gari la mwenzake kwa Jumamosi na Jumapili ili tuione pwani. Mama alipika tangu alfajiri katika fleti yetu ya Greyville, na kama desturi yake tangu tukiwa Tanga, alizidisha sahani moja. Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema. Baba alimtania kwamba huyo mgeni wake lazima amepotea njia, maana miaka miwili tuliyokaa pale hakuna aliyekuja kula kwetu. Mama alicheka, lakini sahani aliipakia.

Mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa nyumba. Mama hakujua Kizulu wala Kiingereza, hivyo dukani na hospitalini nilimsemea mimi. Shuleni Sydenham, lakini, nilijificha. Watoto wa kigeni walichekwa kwa lugha zao, wakaigizwa kama ndege wanaolia, basi nikadai kwetu ni kaskazini mwa mkoa, na ndiyo sababu Kizulu changu kina lafudhi. Thandeka, tuliyekaa naye dawati moja, aliniamini.

Tulisimama Scottburgh, mji mdogo wa pwani, tukatandika mkeka kwenye majani juu ya mchanga. Mama alikuwa akipakua nilipomwona Thandeka na mama yake wakitujia, wakitabasamu. Sijawahi kumwona mama yangu akifurahi namna ile. Alijifunga kanga vizuri, akapangusa ukingo wa sahani, akaisogeza mbele.

“Waambie karibuni, chakula kipo,” alininong'oneza.

Niliinuka nikawawahi hatua chache kabla hawajafika. Nikamwambia mama yake Thandeka kwa Kizulu kwamba mama yangu ni mgonjwa, amekuja kupunga upepo, na daktari amekataza asisogelewe na watu. Yule mama alishika kifua kwa kutuhurumia, akampungia mama mkono kwa mbali, akamshika bintiye begani, akamgeuza, wakaondoka.

“Wanasema ahsante, starehe,” nilimwambia mama.

Baba alikuwa ameokota Kizulu cha kutosha ghalani. Aliacha kutafuna, akanitazama, kisha akainamisha kichwa kwenye sahani yake.

“Mbona ameniangalia kwa huruma vile?” mama aliuliza. Nikajifanya nanyoosha mkeka. Akaisogeza ile sahani mbele yangu. “Basi, ya mgeni kula wewe, mwanangu.”

Niliila yote. Tangu siku ile mama alipika ya kututosha sisi tu.

Nimetangatanga sana baada ya hapo, na kila nilikofikia kuna mtu asiyenijua aliyenisogezea chakula. Mwaka jana, nikizunguka na wanangu mwisho wa wiki kando ya pwani ya Ayalandi, mvua ilitusimamisha kwenye maegesho juu ya miamba. Gari la jirani lilikuwa na mzee na mkewe, wakitazama bahari isiyoonekana. Nilikuwa nimepika pilau, na nilikuwa nimezidisha sahani moja. Nikashuka na sahani ile kwenye mvua, nikagonga kioo chao, nikawakaribisha. Mzee alisita, akamtazama mkewe, kisha akaipokea kwa mikono miwili. Niliporudi, binti yangu aliuliza kama ninawafahamu. Nikasema hapana. Mama yuko kaburini Tanga, mwaka wa nne sasa, na baba hajaligusia jambo lile hata siku moja. Nilikaa nyuma ya usukani maji yakinichuruzika shingoni. Karibuni, chakula kipo. Maneno matatu. Uongo wangu wa Scottburgh ulikuwa mrefu kuliko hayo.