Mitumbwi ya Abti

Mwaka ule mto Tana ulipofurika, serikali ilitangaza kwamba ruzuku ya wakulima ingelipwa pia kwa wenye biashara za uvuvi hapa Garissa. Fomu zenyewe zilikuwa za mashamba. Palipochapwa "ekari zilizoharibika", mtu wa ofisi ya kilimo alikata kwa kalamu na kuandika juu yake, "mitumbwi iliyopotea, kwa maneno".

Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sikuwa nimemaliza hata darasa la tano. Kuandika nilijifundisha mwenyewe kwa magazeti ya kufungia sukari, kisha nikawa nawajazia watu fomu kwenye baraza la duka. Mwandiko wangu ulisifiwa. Ndiyo mali pekee niliyokuwa nayo, na niliilinda kwa hofu: herufi ikiinama kidogo, nilichana karatasi nikaanza upya.

Abti, mjomba wangu, aliingia kwenye samaki baada ya ukame kummalizia ng'ombe. Aliwaajiri wavuvi, wakamkaushia kambare kwa moshi, naye akapeleka samaki hao Dadaab kwa wakimbizi waliotoka pwani ya Somalia. Wafugaji wenzake sokoni walimcheka.

"Leo ng'ombe wako wamepiga mbizi wapi?"

"Wamenona," alijibu. "Tena hawanidai kisima."

Mafuriko yalichukua mitumbwi yake yote. Bila ruzuku asingeweza kununua mingine, na wavuvi wake walishaanza kuaga.

Siku ya mwisho ya kupeleka fomu, nilikuwa nimeshaharibu mbili: moja kwa tone la wino, nyingine kwa sababu herufi zangu za "g" hazikufanana. Ilibaki moja.

"Mitumbwi mingapi, Abti?"

"Wewe andika tu."

"Wanataka idadi."

"Mali ya Mungu haihesabiwi. Ukiihesabu, inapungua. Andika mmoja."

Kwetu mfugaji haulizwi ana ngamia wangapi, na akiulizwa husema ni wachache. Nikaandika "mmoja". Lilitoka zuri kuliko neno lolote nililowahi kuandika.

Baada ya swala ya adhuhuri alirudi. Mkewe alikuwa amemgombeza. Aliniinamia sikioni kama anayekiri dhambi.

"Saba," alinong'ona. "Andika saba. Mungu anisamehe."

Ilinipasa kukata neno moja tu, kama yule wa ofisi alivyokata. Nilishika kalamu, nikaiweka, nikaishika tena. Nilijiambia fomu yenye mkato itatupwa. Nilijiambia afisa atakwenda mtoni kujionea mwenyewe. Sikuamini hata moja kati ya hayo. Sikutaka tu kuuchafua ukurasa ule.

"Tayari?"

"Tayari, Abti."

Hakujua kusoma. Alibonyeza kidole gumba pale nilipomwonyesha.

Ofisini, afisa aliiinua fomu yetu mbele ya foleni. "Hivi ndivyo fomu inavyojazwa," alisema. Nikafurahi. Hata hilo nalikiri.

Baada ya miezi miwili Abti alilipwa pesa za mtumbwi mmoja. Asiyeridhika, afisa alisema, arudi ndani ya wiki.

"Twende, Abti," nilimwambia. "Tuwaambie wamekosea."

"Nikahesabu tena?" Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Nilitamka saba, ukabaki mmoja. Nikienda tena watanichukulia na huo."

Kila siku ya wiki ile nilikwenda hadi mlango wa ofisi. Nilisoma matangazo ukutani, nikasahihisha makosa yake kichwani, nikarudi nyumbani. Wavuvi wawili walibaki na mtumbwi ule mmoja. Wengine walishuka na mto kutafuta kazi.

Abti bado huwasimulia watu habari za siku aliyohesabu mali ya Mungu. Akifika mwisho hunigeukia.

"Muulizeni huyu, alikuwepo."

Nami huitikia, "Kweli, nilikuwepo."